Cherehani Iko kwa Fundi: Keti Kwanza Uhesabu



Kuna sehemu moja ya Injili ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa sababu ya michango ya ujenzi wa kanisa. Ni Luka 14:28, pale Yesu anapouliza ni nani kati yetu akitaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kupiga hesabu kama ana vya kumalizia. Kila kamati ya ujenzi inaipenda. Mimi wiki hizi imenishika kwa neno lake dogo: anaketi. Si kwamba anakimbilia dukani, wala hatangazi kwenye kundi la jumuiya kwamba kazi imeanza. Anaketi. Na tuseme ukweli, sisi vijana hatuketi mpaka kitu kitukalishe. Mimi nimekalishwa na cherehani.

Kwa usiyenijua, mimi ni fundi wa nguo, na kushona ndiko kunakolipa kodi ya chumba changu. Cherehani ilianza kuruka mishono. Kile kidude cha chini kinachokamata uzi hakikutani tena na sindano kwa wakati, na fundi wa mashine anasubiri kipuri. Hii ni wiki ya tatu. Kila Jumatatu nikienda naambiwa njoo Jumatatu. Simlaumu sana, maana sisi wa nguo nasi tuna Jumatatu zetu.

Unaijua lugha yetu, si ndiyo? "Dada, nguo yako tayari, imebaki vifungo tu." Kumbe kitambaa bado kimekunjwa mfukoni vilevile alivyokileta. Tumeizoea kiasi kwamba mteja anacheka, fundi anacheka, na hakuna anayeipeleka kwenye kitubio. Lakini amri ya nane haina msamaha maalumu kwa mafundi. Katekisimu, namba 2482, inaeleza uongo kuwa ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya. Nimetafuta kifungu cha vifungo, sijakiona.

Katika kukaa huku nimeona kwamba uongo ule hauanzii mdomoni. Unaanza siku uliyopokea kitambaa cha sita wakati muda wako unatosha vitatu. Ukishapokea bila kuhesabu, Ijumaa lazima utasema kitu, na ukweli utakuwa umeshaadimika. Ndiyo maana nadhani kupanga kazi ni jambo la kiroho kabisa. Yaani kalamu na daftari vinaweza kukuokoa na dhambi ambayo majuto peke yake hayajaiondoa mwaka mzima.

Basi nikachukua daftari. Kazi za cherehani nikaziweka pembeni, nikabaki na zile za sindano ya mkono. Parokia yetu ina sikukuu ya somo wake mwezi ujao, na mama anayehudumia sakristia alikuwa ameniomba nidarizi korporale mbili pamoja na ukingo wa kitambaa kipya cha altare: mizabibu na zabibu kuzunguka pande zinazoning'inia, karibu mita 2.80. Wazo zuri sana. Kichwani nilikuwa nimeshaliona limekamilika, hadi mwanga wa mishumaa juu yake.

Hesabu ikasema vingine. Nilidarizi kichala kimoja cha majaribio chenye upana wa sentimita 20, kikala jioni tatu. Mita 2.80 ni vichala 14, yaani jioni 42. Zilizobaki zilikuwa 30. Toa Jumapili nne, kwa sababu siku ya Bwana haiwi akiba ya kuzibia mapengo ya mipango yangu, hata kama kazi yenyewe ni ya kanisa. Toa Alhamisi nne za jumuiya. Zinabaki 22. Misalaba midogo ya korporale inachukua jioni mbili. Kwa hiyo vichala sita, vitatu kila upande, na jioni mbili za dharura. Nikaenda kumwambia mama wa sakristia kabla sijashika sindano. Akanitazama, akasema, "Sita vinatosha, mwanangu. Wa mwaka juzi aliniahidi ishirini, mpaka leo namngoja."

Unaona? Alikuwa anangoja ukweli kuliko zabibu.

Hapa niwasaidie kidogo wanaotaka kujaribu kudarizi, maana najua mpo. Fua kitambaa na ukipige pasi kabla ya kuchora, kwa kuwa pamba husinyaa, na ua ulilodarizi kwenye kitambaa kisichofuliwa litakuja kujikunja. Uzi mwekundu uloweke kwanza na kipande cheupe uone kama unachuja rangi. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo sita. Kwa kazi nyembamba tenganisha mbili. Usikate mrefu kupita kiasi, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole unatosha, la sivyo unafungana mafundo na unapoteza subira yote uliyoiombea asubuhi. (Na ule mfano wa upande wa nyuma wa kitambaa, wenye nyuzi zilizovurugika, mmeusikia kwenye kila semina. Leo nauacha upumzike.)

Kuhusu korporale nina neno zaidi. Ni kile kitambaa cheupe cha mraba anachokitandaza padre juu ya altare ili kalisi na patena vikae hapo. Kimila hukunjwa mara tatu kila upande, kwa ndani, kikatoa miraba tisa, ili chembe yoyote ya Hostia Takatifu iliyodondoka ibaki humo isipotee. Kwa sababu hiyo hiyo msalaba wake huwa mdogo na huwekwa karibu na ukingo. Katikati hapadariziwi. Nyuzi zilizoinuka zingeshika chembe, na kalisi isingesimama vizuri. Mtu anayependa kudarizi, kama mimi, mkono unawasha kuona sehemu nzuri kama ile imeachwa tupu. Lakini palipo patupu ndipo atakapokaa Yeye. Nimesali na jambo hilo jioni kadhaa sasa, sindano ikiwa mkononi, na bado sijalimaliza.

Kama unatafuta mtakatifu wa kukusindikiza katika kazi za mikono, nakupendekezea Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Alitaka utawa, akakataliwa. Mwaka 1853 akaanzisha biashara ya lesi mjini Alençon, Ufaransa. Lesi ile hufanywa kwa sindano, na sentimita moja ya mraba huchukua kama saa saba! Wafanyakazi wake walitengeneza vipande majumbani mwao, naye akaviunganisha. Barua zake zimehifadhiwa, na humo analalamika bila kuficha jinsi oda zinavyomchosha. Mumewe Louis, fundi saa, aliuza duka lake mwaka 1870 ili amsaidie. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza wote wawili watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Mimi nampenda kwa sababu ya malalamiko yale. Alijua oda ina uzito gani.

Ikabaki sehemu ngumu, wateja wa cherehani. Walikuwa watatu, wote wamelipa kianzio. Niliwapigia mmoja mmoja: mashine ni mbovu, sijui itarudi lini, siwezi kukuahidi tarehe. Wa kwanza akasema atasubiri. Wa pili, ambaye mwanawe anapokea Komunyo ya Kwanza, akauliza kama naweza kuishona kwa mkono. Nikapiga hesabu tukiwa kwenye simu, nikamwambia gauni siwezi, ila kola yake naweza kuidarizi akimpata fundi wa kushona. Tukakubaliana hivyo. Wa tatu alikuja jioni ileile, akachukua kitambaa chake na shilingi zake 20,000, na dirishani nikamwona akiingia kwa fundi wa jirani. Iliniuma, jamani, na bado inauma, kwa sababu kodi haijui habari za amri ya nane. Mama mwenye nyumba naye nimeshampelekea hesabu yangu ilivyo: nusu sasa, nusu cherehani ikirudi. Amesema atafikiria.

Leo usiku nakamilisha kichala cha pili. Mniombee, na yule fundi wa mashine pia, kipuri kimfikie.