Je, Asiyejua Hana Hatia?



Liko neno linalosemwa mara nyingi baya likiisha kutokea shuleni: "Sisi hatukujua." Mwalimu mkuu hulisema, mzee wa kamati hulisema, na jirani naye hulisema. Tena mara nyingi ni neno la kweli. Lakini mwezi huu twataka kuuliza: je, asiyejua hana hatia? Na kama hana, je, yule asiyetaka kujua? Swali hili limepimwa sana katika sheria moja ya Marekani, nasi twaona yafaa kuieleza, maana yaligusa jambo lililo karibu nasi.

Zamani katika nchi ile vyuo vingi viliwafungia wanawake mlango, au viliwapokea wachache tu. Bibi Patsy Mink wa Hawaii alitaka kuwa daktari. Akaomba nafasi katika vyuo vingi vya utabibu, vyote vikamkataa. Basi akajifunza sheria, na mwaka 1964 akachaguliwa kuingia Bungeni. Yeye, pamoja na Bibi Edith Green wa Oregon na Seneta Birch Bayh wa Indiana, waliitetea sheria ambayo Rais Richard Nixon aliitia sahihi tarehe 23 Juni 1972. Maneno yake makuu kwa Kiingereza ni 37 tu, na maana yake ni hii: katika masomo yanayosaidiwa na fedha za serikali kuu, mtu asizuiliwe, wala asinyimwe faida, wala asibaguliwe kwa sababu ni mwanamume au mwanamke.

Maneno yale hayakutaja unyanyasaji. Walakini watu walifahamu ya kwamba msichana anayeogopa kuingia darasani kwa ajili ya mikono au maneno ya mtu, naye amefungiwa mlango, ingawa jina lake limo daftarini. Ndipo mwaka 1992 Mahakama ya Juu ikakubali ya kuwa mwanafunzi aliyetendewa hivyo aweza kuidai shule fidia.

Hapo swali letu likazaliwa. Katika mji wa Lago Vista, Texas, msichana wa darasa la nane aliingia katika kikundi cha kusoma vitabu kilichoongozwa na mwalimu mmoja. Mwalimu alianza kwa maneno yasiyofaa, hata mwisho akamharibu. Msichana hakumwambia mkubwa yeyote wa shule. Alieleza baadaye ya kwamba alijua jambo lile ni baya, lakini hakujua afanyeje, tena alitaka kuendelea kufundishwa na mwalimu yule. Mwezi wa Oktoba 1992 wazazi wa wanafunzi wengine wawili walimlalamikia mwalimu mkuu juu ya maneno machafu ya mwalimu huyo darasani. Mwalimu akaomba radhi, akaonywa awe na hadhari, na habari haikupelekwa kwa msimamizi wa shule za wilaya. Mwezi wa Januari 1993 polisi waliwakuta, mwalimu akakamatwa na kufukuzwa kazi. Tena shule zile hazikuwa zimewatangazia wanafunzi njia ya kupeleka malalamiko, ingawa serikali iliagiza hivyo.

Mwaka 1998 waamuzi watano kwa wanne walikata shauri: wilaya haitalipa fidia isipokuwa mkubwa mwenye uwezo wa kurekebisha mambo alijua hasa, naye akapuuza kwa makusudi. Jaji Stevens, aliyekuwa upande wa wanne, alionya ya kuwa kwa hukumu hiyo halmashauri zitakazojikinga na habari zitaepuka kulipa. Mwaka uliofuata waamuzi walipima habari ya Georgia. Huko msichana wa darasa la tano alisumbuliwa miezi mingi na mvulana aliyeketi karibu naye. Yeye na mama yake waliwaambia waalimu mara nyingi, na ilipita zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kuhama kiti tu. Waamuzi wakasema kwamba shule ikijua na kupuuza unyanyasaji wa namna hiyo, hata ukiwa wa mwanafunzi kwa mwenziwe, yaweza kudaiwa.

Sisi twasemaje? Twakubali ya kuwa si haki kumhukumu mtu kwa jambo alilofichwa. Mahakama inayopima fedha yaweza kusimama hapo. Lakini dhamiri haiulizi tu, "Ulijua?" Huuliza pia, "Kwa nini hukujua?" Kutojua kwingine ni kama giza la usiku, huja lenyewe, kwingine ni giza la mtu aliyeizima taa yake. Mlinzi aliyeziba masikio yake hawezi kujitetea kwamba hakusikia mwizi.

Tena tusidhani ya kuwa kujua kwatosha. Mfalme Daudi alisikia habari ya Tamari binti yake, akakasirika sana, wala hakufanya neno. Na Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Hasira isiyotenda haikumponya Tamari, na nyumba ile iliona damu baadaye. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Huku Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya unyanyasaji wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema zaidi: kila mtu katika jamii aliye na habari ya kwamba haki za mtoto zinavunjwa, ni wajibu wake kuipeleka kwa serikali ya mtaa. Sheria ile ya Marekani yauliza kama mkubwa alijua. Yetu yamwagiza kila ajuaye aseme. Basi kutojua kwa mkubwa mara nyingi hutoka katika kunyamaza kwetu.

Wengine watasema, "Tutamharibia jina mtu asiye na kosa." Hofu hii ni ya haki, maana kusingizia ni dhambi kubwa. Lakini kupeleka habari si kutoa hukumu. Ni kuwapa wenye kazi ya kuchunguza nafasi ya kuchunguza. Wengine watasema, "Tutaiaibisha shule." Twajibu: aibu ilikwisha kuingia siku mtoto alipoonewa, tunalochagua sasa ni nani aibebe.

Kwa hiyo, wazee wa sharika, wainjilisti na waalimu, mkutanapo katika kamati za shule msiridhike kusema, "Hakuna aliyelalamika." Ulizeni kwanza: binti wa shule hii amjua nani wa kumwendea? Je, akimwendea, atasikilizwa siku ile ile, au atangoje miezi mitatu ili ahamishwe kiti? Msipoweza kujibu, kutojua kwenu kumekwisha leo.