Elimu ya Mbegu: Ni Anasa ya Dunia au Ni Deni Juu Yetu?

Twapenda kuwaletea suala lililoulizwa katika darsa yetu. Kwa dhahiri yake ni suala dogo, lakini kila tulipolichungua tuliliona lina mizizi mirefu.

Muulizaji ni kijana wa Balambala, katika kaunti ya Garissa, aliyeteremka pwani kusoma dini. Amepata nafasi ya kwenda kufundishwa elimu ya mbegu: namna ya kuzichagua, kuzitunza na kuzizalisha, na namna mmea unavyorithi tabia za wazazi wake. Wazee wake wamegawanyika. Mmoja amwambia ni hasara mwanafunzi wa dini kuweka kitabu akashika jembe. Wa pili amwambia kuwa kuingilia asili ya mmea ni kubadili aliyoyaumba Mungu. Kijana akatuuliza: "Masheikh zangu, nende au nisende?"

Jawabu fupi ni: aende. Lakini jawabu fupi halimtoshi yeye, wala halitutoshi sisi, kwani katika kumjibu tumeona kuwa suala hili latuhusu watu wa miji ya pwani kuliko linavyomhusu yeye.

Wengi katika wasomaji wetu hawajafika Balambala. Ni mji ulio ukingoni mwa Mto Tana, juu ya mji wa Garissa. Nyuma yake ni nchi kavu ya ngamia na mbuzi. Kando ya mto pana mashamba ya mahindi, kunde, ndizi, maembe na matikiti, yanywayo maji ya mto. Maji hayo hayo ndiyo yateremkayo Garsen na kumiminika baharini upande wa Kipini. Basi mtu wa pwani asiseme kuwa Balambala haimhusu.

Watu wa ukingo huo wana mitihani miwili iliyo kinyume. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo ikiwa haba. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023, na tena katika Aprili na Mei 2024, mto ukafurika, ukachukua mashamba pamoja na vilivyomo. Katika ukame mkulima hula mbegu yake kwa njaa. Katika mafuriko mbegu yake huoza kwa maji. Kwa njia zote mbili mwisho wake ni mmoja: huenda dukani akanunua pakiti, na lililomo ndani ya pakiti halijui. Huenda ni mahindi yaliyozalishwa kwa ajili ya nchi za baridi kama Kitale, yatakayo miezi mingi na mvua nyingi. Akiyapanda Balambala yatamea na kurefuka na kumfurahisha, kisha yatakauka kabla ya kuzaa. Si ardhi iliyomkhini, wala si mvua peke yake, ni kutojua. Lau kungekuwa na mtu mmoja mwenye elimu hiyo katika mji wake, angemwambia kuwa tangu miaka ya 1960 yako mahindi yaliyochaguliwa Katumani, huko Machakos, kwa ajili ya nchi kavu, ambayo huiva upesi kabla ukame haujayapata.

Sasa na tuyatazame maneno ya mzee wa kwanza, asemaye kuwa hii ni elimu ya dunia tu. Twamjibu kwa heshima yake: ni ya dunia, naam, lakini "tu" ameitoa wapi? Katika Sahih Muslim imepokewa habari ya Mtume (S.A.W.) alipowapita watu wakipandikiza mitende, wakitia chavua ya mtende dume katika mtende jike. Alidhani kuwa haliwafai kitu, wakaacha, na mwaka ule tende zikaharibika. Alipopewa habari aliwafahamisha kuwa katika mambo kama hayo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Wako watu huitumia hadithi hii ili kuitupa elimu ya dunia nje ya mlango wa msikiti. Sisi twaona maana yake ni kinyume cha hayo. Ikiwa Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliyaacha mambo ya mitende kwa wenye kuijua mitende, je, yatupasa tuwe na watu wenye kuijua, au tusiwe nao?

Imamu Ghazali katika Ihya ameuhesabu ukulima pamoja na utabibu na hesabu katika faradhi za kutosheleza, yaani faradhi ambazo baadhi ya watu wakizitimiza wengine husalimika, na zikikosa wa kuzitimiza wote huwa na dhambi. Tena aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika mabishano ya fiqhi ilhali mji mzima hauna tabibu Muislamu. Ndugu zetu, lawama hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 900, na bado yatuenea kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chetu.

Na tumkumbuke Nabii Yusuf (A.S.). Alipoagua ndoto ya mfalme wa Misri hakuwaamuru watu kuomba dua wakakaa. Aliwafundisha kulima miaka saba na kuyaacha mavuno ndani ya mashuke yake, isipokuwa kile kidogo watakachokula. Na katika miaka ya shida wabakishe akiba. Wako wafasiri waliosema kuwa akiba hiyo ni ya mbegu. Basi kuhifadhi mbegu wakati wa njaa ni kazi iliyofanywa na Nabii. Vipi itakuwa duni kwa mwanafunzi?

Ama mzee wa pili, aogopaye kubadili aliyoyaumba Mungu, hofu yake ni ya mtu mcha Mungu, na haifai kuchekwa. Lakini yataka ipambanuliwe. Kuna kuchagua: mkulima huweka suke bora akalipanda mwakani, na hili babu zetu wote walilifanya. Kuna kukutanisha: mmea mmoja hupandishwa kwa mwingine ili mtoto akusanye wema wa wote wawili. Ndivyo yalivyopatikana mahindi yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, wazazi wake wakiwa mahindi ya huko Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Na mahindi yenyewe si ya kwetu kwa asili. Yalitoka Amerika, yakaja Afrika kwa merikebu, na mikono ya binadamu ilikuwa imeyageuza kwa maelfu ya miaka. Anayekula ugali hawezi kusema kuwa hayo ni haramu. Hayo mawili hayana tofauti na kupandikiza mtende.

Kisha kuna la tatu, nalo ni kuchukua kinasaba cha kiumbe kimoja na kukitia ndani ya kingine kisichozaana nacho. Hilo ndilo lililoleta zogo katika nchi yetu: serikali ilipiga marufuku vyakula vya namna hiyo mwaka 2012, ikaiondoa marufuku Oktoba 2022, na watu wakapelekana mahakamani. Sisi hatutoi fatwa hapa. Lakini wanazuoni wamekubaliana kuwa haifai kukihukumu kitu usichokielewa. Ni nani katika masheikh wetu awezaye kueleza kinasaba ni nini? Na ni nani katika vijana wetu awezaye kwenda kumweleza sheikh kwa lugha aifahamuye? Tukiwa hatuna mtu huyo, basi tukisema halali tumebahatisha, na tukisema haramu tumebahatisha.

Wala isidhaniwe kuwa elimu hii ni ya kigeni kwa Waislamu. Abu Hanifa ad-Dinawari, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha mimea. Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, aliandika kitabu cha ukulima kilichoeleza ardhi, mbolea, upandikizaji na mamia ya mimea. Kisha tukalala. Mwaka 1969 chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilianza kuwafundisha wataalamu wa nchi mbalimbali kuhifadhi asili za mimea. Na tangu mwaka 2013 wazalishaji wa mbegu wa Afrika wafundishwa hapa Nairobi. Milango i wazi. Ni nani azuiaye kuingia isipokuwa sisi wenyewe?

Lakini tukimwambia kijana aende, yatupasa tumwambie pia kuwa elimu hiyo ni amana. Sheria ya mbegu ya Kenya ya mwaka 1972, kwa marekebisho ya mwaka 2012, ilimfanya mkulima auzaye au abadilishanaye mbegu isiyosajiliwa kuwa mkosa, awezaye kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima 15 walishtaki mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Katika jambo hili dini yetu ina mizani. Kwa upande mmoja, Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilizikubali haki za wavumbuzi. Basi aliyetaabika miaka kumi akazalisha mbegu mpya haki yake ipo. Kwa upande wa pili, Mtume (S.A.W.) alikataza malipo ya kupandishia dume la mnyama, na wanazuoni wakasifu kuliazima bure. Hatusemi kuwa mbegu na dume ni kitu kimoja, lakini twaona humo hekima: kile ambacho Mungu amekiumba ili kizae, si vyema jirani akifungie jirani. Kumlipa mzalishaji ni haki; kumfunga mama kwa bakuli la kunde alizorithi kwa bibi yake ni dhulma.

Basi arudipo kijana na awafundishe watu wake kwa lugha nyepesi: kuwa kunde hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mbegu yake huwekwa mwaka hata mwaka bila ya kubadilika, kuwa mahindi huchavushwa na upepo, kwa hiyo mbegu ichukuliwe katikati ya shamba, mbali na la jirani, kuwa mahindi ya chotara hung'aa mwaka wa kwanza, lakini mbegu yake ikipandwa tena watoto hutofautiana na mavuno hupungua, kuwa mbegu ikauke vizuri na ikae mahali pa baridi, na kabla ya kupanda, mbegu 100 zitiwe katika kitambaa chenye maji zihesabiwe zilizomea. Kumfundisha mtu haya ni sadaka inayoendelea.

Na sisi watu wa pwani tujisemeje? Mashamba ya babu zetu tumeyauza, na majina ya mipunga waliyoipanda tumeyasahau. Mtoto akitaka kuwa karani twamsomea dua, akitaka kuwa mkulima twamwonea aibu. Twakaa barazani tukilalamika kuwa unga umepanda bei, na hatujiulizi ni nani aliyeshika mbegu. Asiyeshika mbegu yake hula kwa ruhusa ya mwenziwe.

Kwa hiyo tulimwambia kijana: Nenda, na nia yako iwe ya ibada. Usiiache sala, wala usikiache kitabu, kwani mchana ni wa shamba na usiku ni wa darsa. Tena tulichanga nauli yake hapo hapo, ili wazee wake wajue kuwa tuliyoyasema hatukuyasema kwa ulimi peke yake. Tunalotaka kwa wasomaji wetu ni hili: kila mtaa na utazame ni kijana gani wake atakayeibeba faradhi hii, kabla hatujaulizwa sote kwa kuiacha.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awabarikie watu wa mto katika ardhi yao na maji yao, na atutoe katika usingizi huu. Amin.