Nilijua idadi ya mabati, sikujua juzuu ya mwanangu

Ndugu msomaji, kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kamati ya madrasa ya mtaani kwetu. Mchana kazini, jioni masomo ya uhasibu, usiku vikao. Watu walinisifu kuwa nimekamilika, wa dini na wa dunia, na mimi nikaamini.

Siku moja baada ya swala ya Alasiri nilikuwa nikiwaeleza wafadhili mahitaji ya jengo la madrasa. Nilitaja idadi ya mabati, mifuko ya saruji na hata kilo za misumari bila kutazama karatasi. Mmoja wao akamwona binti yangu mkekani, akaniuliza kwa wema tu amefika wapi. Nikajibu, "Yuko juzuu Amma." Mtoto akainamisha kichwa. Ustadhi akanisahihisha kwa sauti ya chini: Amma alishaimaliza miezi mitatu nyuma, sasa yumo Tabaraka. Mama yake akaniambia baadaye kwamba siku aliyoimaliza, mtoto alinisubiri sebuleni mpaka usingizi ukamchukua. Mimi nilikuwa kikaoni, tukijadili malezi ya watoto.

Tangu hapo kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardai (r.a.), kilichopokewa na Imam Bukhari, kimekuwa kikinihusu mimi. Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu masahaba hao. Salman alipomtembelea nduguye alimkuta mkewe hajijali kwa mavazi. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa Abu Dardai hana tena haja na dunia. Mwenyeji akaandaa chakula ilhali mwenyewe amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale pamoja. Usiku, kila Abu Dardai alipotaka kuinuka kuswali, Salman alimwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakaamka, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake, nafsi yake na ahali zake wote wana haki juu yake, na kila mmoja ampe stahiki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alimsadikisha Salman.

Tazama upungufu wa Abu Dardai ulionekana wapi. Haukuonekana katika swala wala saumu yake. Ulionekana nyumbani, kwenye nguo za mkewe.

Wapo watakaosema mshika mawili moja humponyoka, hivyo mtu ashike fani moja tu. Sikubaliani nao. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa shule, mshairi, mwandishi wa historia, mfasiri wa Qur'an nzima kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1969, na Kadhi Mkuu wa Kenya. Wingi wa mambo si kosa. Kosa langu ni kwamba yote niliyoyakuza yalikuwa na mashahidi. Cheti kina anayekitoa, kikao kina wajumbe, jengo lina wafadhili. Niliyoyaacha hayakuwa na wa kuyapigia makofi: presha niliyokuwa siipimi, msahafu niliokuwa siufungui nikiwa peke yangu, na mtoto anayesubiri sebuleni.

Nayajua maisha ya mjini. Yupo baba anayetoka alfajiri kugombania daladala na kurudi watoto wamelala, si kwa kutafuta sifa bali ugali. Huyo simlaumu, anailipa haki ya ahali zake kwa jasho. Wala mizani hii isiwe kisingizio cha uvivu, maana Salman hakumwambia nduguye aache kisimamo cha usiku. Wakati ulipofika alimwamsha yeye mwenyewe. Nasema na sisi tuliokuwa na hiari.

Ukatibu niliuacha, kamati sikuiacha. Masomo niliyasogeza mbele mwaka mmoja. Baadhi ya wenzangu waliona nimerudi nyuma, na kwa hesabu zao huenda ni kweli. Sasa baada ya Magharibi binti yangu hunisomea nami humsahihisha. Na zipo siku yeye ndiye anayenisahihisha.

Hebu nawe, kabla hujaongeza jambo jipya la kujiendeleza, uliza ni haki ya nani inayolipia hayo uliyo nayo. Usimuulize anayekusifu. Muulize anayeishi nawe.

Wabillahi tawfiq.