Ushahidi wa Mizani

Katika mwaka 2008, nchini China, maziwa ya unga ya watoto wachanga ya kampuni ya Sanlu, na kisha ya kampuni nyingine kadhaa, yaligunduliwa kuwa yametiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Na serikali ya huko ilitaja watoto wapatao 300,000 walioathirika, aghalabu kwa mawe ya figo, na 6 waliofariki. Hapo huzuka suali: je, kitu kikishapita mizani, dhima ya mwanadamu imekwisha?

Maana maziwa yale yalipimwa. Yalikuwa yametiwa maji, na kwa kuwa maji hupunguza protini, wenye ghiliba wakaongeza melamini. Nayo njia ya kupimia, aliyoibuni Johan Kjeldahl mjini Copenhagen mwaka 1883, haihesabu protini yenyewe, bali huhesabu naitrojeni na kwayo kuikadiria protini. Melamini, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, ikajibu kwa niaba ya maziwa. Na walioijua siri hiyo wakaitumia juu ya kiumbe asiye na ulimi wa kushitaki wala chakula cha pili cha kukimbilia.

Wako wasemao kwamba dawa ya hadaa ni uchaji Mungu peke yake, nao husimulia kisa cha Sayyidna Umar, aliyemsikia usiku binti wa Madina akikataa kutia maji katika maziwa, kwani Umar asipoona, Mola wa Umar anaona. Nakipenda mno kisa hicho. Walakini Mtume mwenyewe, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni penye rundo la nafaka hakutosheka na ukavu wa juu, bali alitia mkono ndani hata vidole vikagusa unyevu. Kupima, basi, si kumtuhumu mwaminifu. Ni haki ya mlaji, na mtoto mchanga ndiye mwenye haki hiyo kuliko sote.

Lakini linalonihuzunisha zaidi ni jingine. Mwanzoni mwa Agosti wakuu wa Sanlu walikwisha pata majibu ya maabara yaliyoitaja melamini waziwazi. Safari hii mizani ilisema kweli, na waliousikia ushahidi wake wakauficha, wazazi wakaendelea kununua na kuwakorogea watoto wao, hata umma ulipotangaziwa mwezi wa Septemba.