Kujua na Kutojua

Kumbukumbu ni mlinzi wa mali zote za mwanadamu. Kwa kumbukumbu mtu hulijua jina lake, humtambua mtoto wake na huitimiza ahadi yake. Mlinzi huyu akiondoka, nyumba husimama lakini mwenyewe hayumo. Ikiwa elimu ya uganga yaweza kumwambia mtu mwenye afya kwamba siku moja mlinzi wake atamkimbia, je, ni wajibu aambiwe? Na yeye, ni wajibu aulize?

Swali hili liliwafikia kwa ukali watu wa milima ya Antioquia, katika nchi ya Kolombia. Huko zipo koo ambazo ndani yake maradhi ya Alzheimer hurithiwa kama shamba. Wenyeji waliyaita upumbavu, na wengine waliyadhani kuwa ni laana. Daktari Francisco Lopera wa Medellín alianza kuyachunguza katika miaka ya 1980, akaenda nyumba kwa nyumba akiandika nasaba za wagonjwa. Katika miaka ya 1990 ilijulikana kuwa asili yake ni kosa moja katika jeni moja. Kila mtoto wa mzazi mwenye kosa hilo huweza kulirithi au kuokoka nalo, nusu kwa nusu. Aliyelirithi huanza kusahau apatapo miaka 44 hivi, na karibu na miaka 49 akili yake huwa imekwisha kupungua. Lakini dalili za kwanza huweza kuonekana ubongoni tangu miaka 28 hivi, umri wa kuoa na kulea.

Tangu mwaka 2013, watu 252 wa koo hizo waliingia katika jaribio la dawa ya kinga. Wenye kosa na wasio nalo walichanganywa kwa makusudi, ili kujiunga kusiwe kufichua siri. Hivyo mtu aliweza kutumikia elimu bila ya kulazimishwa kuijua hatima yake. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba dawa ile haikuleta nafuu ya kuthibitika.

Wapo wasemao kwamba kutojua ni woga. Hoja yao ina nguvu: ajuaye hupata nafasi ya kuandika wasia, kuchagua mlezi, kupatana na ndugu na kutafakari kabla ya kuzaa. Wapo pia wasemao kwamba kujua ni kufa kabla ya siku. Nao wana haki: kijana aliyekwisha kuambiwa, kila asahaupo ufunguo husikia hodi ya msiba. Methali huonya juu ya ufa usiozibwa, lakini haisemi afanye nini mtu aliyeonyeshwa ufa akanyimwa chokaa.

Hata hivyo, walio wengi duniani hawana kosa la koo hizo, na chokaa kwao ipo. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu visa 45 katika kila 100 vya kupotewa na akili vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeondolewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, tumbaku, upweke, na kukosa elimu utotoni. Kwa watu hawa kupimwa mapema si kupiga ramli. Ni kushika kazi. Tena orodha hiyo haimhukumu mgonjwa peke yake. Mtoto hajinyimi shule, na aghalabu mzee hajitengi mwenyewe.

Basi, pale ambapo kujua huzaa tendo, kukataa kujua ni kujidhulumu nafsi na kuwadhulumu walezi wa kesho. Pale ambapo kujua hakuzai ila kungoja, uamuzi ni wa mwenye maisha, wala daktari, mume au mwajiri hana haki ya kumpokonya.

Lakini uko wajibu usiotegemea kipimo. Binti amlishaye mama asiyemtambua tena, huku hajui kama anayatazama maisha yake mwenyewe yajayo, hasukumwi na kujua wala kutojua. Humlisha kwa sababu mama angalipo. Heshima hiyo haina haja ya kungoja dalili.