Kilio cha Mbali: Karanga za Nachingwea na Haki ya Kunung'unika

Wahenga wamesema kuwa kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii hutajwa aghalabu kama adabu ya matanga, lakini ndani yake mna kanuni ya haki: aliyepatwa na jambo ndiye mwenye neno la kwanza, na sauti ya jirani, iwe kubwa namna gani, haina budi kufuata nyuma ya sauti yake. Kisa cha karanga za Nachingwea ni kisa cha matanga yaliyopinduliwa. Wa mbali walilia hadi Bunge la Uingereza likatikisika, ilhali mfiwa hakuulizwa hata alichofiwa.

Mlalamishi wa kisa hiki ni raia wa kawaida wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Vita vilikwisha mwaka 1945 na nchi yake ikahesabiwa miongoni mwa washindi, lakini jikoni mwake hakuuona ushindi. Mkate, ambao haukuwahi kuwekewa mgao wakati wa vita, uliwekewa mgao mwaka 1946. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia vilipimwa kwa kadi, na mgao wa vyakula haukumalizika kabisa hadi mwaka 1954. Raia huyo alisimama foleni, akarudi nyumbani na kipande kidogo cha mafuta, akainung'unikia serikali.

Serikali ya chama cha Labour ilitafuta dawa mbali. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine ili Uingereza ipate mafuta. Tume iliyoongozwa na John Wakefield ikazunguka na kuleta hesabu: zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe kwa muda wa miaka 6, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Katika Tanganyika zikachaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta makuukuu, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Yaliyofuata yanajulikana. Mibuyu na vichaka vilizishinda mashine, udongo wa Kongwa uliganda kama saruji msimu wa kiangazi, na mvua haikufuata makaratasi ya ofisini. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu vya hazina.

Hapo ndipo manung'uniko ya foleni yalipopata nguvu. Kwa pumzi moja raia aliilaumu serikali kwa majarini ya jikoni mwake na kwa mamilioni yaliyozama Afrika. John Strachey, Waziri wa Chakula, alilazimika kusimama Bungeni mara kwa mara kujitetea. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lililosimamia mpango huo, alijiuzulu na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1950. Katika uchaguzi wa Februari 1950 chama tawala kilinusurika kwa wingi wa viti vichache mno, na Strachey akahamishiwa wizara nyingine. Karanga hazikuwa sababu pekee, lakini zilikuwa mojawapo ya fimbo za wapinzani.

Wapo wanaomdharau mtu wa namna hii. Huona ni utovu wa hadhi kuchanganya siasa za dola na kero za jikoni. Dharau hiyo haina msingi. Siasa humfikia mtu mdogo kupitia kijiko, kadi, foleni na kipimo. Hana mlango mwingine wa kuijulia. Anayengoja kulalamika mpaka aelewe bajeti nzima ya nchi atakufa kimya. Kero ndogo ndiyo alifu na bee ya uraia, na nchi ambayo watu wake wamekatazwa kuisoma alifu haitapata wasomaji wa msahafu.

Basi nung'uniko la raia yule lilikuwa halali. Swali ni je, lilikuwa kamili? Hesabu yake ilikuwa ya pauni. Ndani ya hesabu hiyo hamkuwamo mashamba na misitu ya Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wa nyanda za Nachingwea na Ruangwa. Hamkuwamo vijana walioacha majembe yao kwenda kufyeka vichaka kwa ujira, kisha kazi ikakatika. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Katika Baraza la Kutunga Sheria Waafrika wa kwanza waliteuliwa na gavana mwaka 1945, nao walikuwa machifu wawili tu. Uchaguzi wa kwanza haukufanyika hadi mwaka 1958. Mkulima wa Nachingwea alikuwa na ulimi kama wa mwenziwe wa London, na kero zaidi, ila hakuwa na waziri wa kumsimamisha.

Atasema mtetezi: mama aliyesimama foleni katika mji wa Leeds angejuaje habari za Nachingwea? Si haki kumbebesha mzigo wa nchi asiyoiona. Hoja hii ina uzito, na kwa hiyo haifai kumwita mkosaji. Lakini karanga zile zilikusudiwa chungu chake, na koloni ile ilitawaliwa na serikali aliyoipa kura yeye. Kinachofanywa kwa jina la mtu humdai angalau swali moja: je, nani mwingine amepoteza, na mbona hasara yake haimo katika kilio changu? Asiyeuliza si mwovu, bali amelia nusu ya kilio.

Mtetezi wa pili atasema kuwa watu wa kusini walifaidika. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilizaliwa na mpango ule, na ingali inatumika. Reli nayo ilifika Nachingwea. Ni kweli. Lakini reli hiyo iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960, na kung'olewa kwake kunafunza kitu. Faida anayopewa mtu bila kuulizwa huweza kuondolewa bila kuulizwa. Mpango uliletwa kwa sababu mlaji wa Uingereza alinung'unika kwamba hana mafuta. Ukavunjwa kwa sababu mlipa kodi wa Uingereza alinung'unika kwamba hela zinapotea. Mara zote mbili aliyeshinda ni raia yuleyule, na mara zote mbili Nachingwea ilipata habari baada ya shauri kukatwa. Kumbe hata lalamiko la haki laweza kumdhulumu asiyekuwapo barazani.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuuachia ukoloni lawama zote. Uhuru wa mwaka 1961 ulimpa mkulima kura na bendera, lakini haukufuta ugonjwa wenyewe. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya pamoja kwa amri, wengine kwa nguvu. Aprili 2013 wakulima wa korosho wa Liwale, jirani na Nachingwea, walichoka kungoja malipo yao, na ghasia zikazuka, nyumba zikachomwa. Moto ule haukuwa na uhalali, lakini ulionyesha kinachotokea nung'uniko linapokosa mlango wa kutokea.

Na raia wa mijini, bara na visiwani, naye ajitazame. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Aliyelalamikia bei ya unga alikuwa na haki yake, kwa kuwa watoto wake hula kila siku. Lakini unafuu wake ulitoka katika mfuko wa mkulima aliyezuiwa soko zuri, na mkulima huyo hakuwa kwenye foleni ya dukani ili asikike. Huyu naye ni yule raia wa majarini, ila amevaa kanzu na kuzungumza Kiswahili safi.

Wapenzi wa ushairi wanaijua tofauti hii kwa njia yao. Abdilatif Abdalla aliandika tungo za Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972, na kifungo hicho kilimpata kwa sababu ya karatasi iliyoiuliza Kenya inakwenda wapi. Swali lile halikuhusu tumbo la mwulizaji peke yake, bali nchi nzima. Nung'uniko linapopanuka likawaingiza na wengine hugeuka kuwa swali, na aghalabu swali ndilo wenye nguvu wanaloliogopa zaidi.

Leo Ruangwa, iliyokuja kuwa wilaya mwaka 1995, Nachingwea na Liwale zina chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, chenye jina lililoungwa kwa silabi za wilaya hizo tatu. Siku ya mnada bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima, nao huulizwa kama wanaridhia. Utaratibu huo una kasoro zake, na msimu wa mwaka 2018 ulidhihirisha hivyo: wakulima wa kusini walizikataa bei, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakangoja fedha kwa muda mrefu. Hata hivyo, katika ardhi ambayo zamani ilipimwa, ikafyekwa na kutelekezwa bila mwenyewe kuulizwa, mkulima husimama akatamka kuwa bei hii haimridhishi, na aliyeisoma hulazimika kumsikiliza. Mfiwa ameanza kulia mwenyewe. Kinachobaki ni wa mbali kujifunza kuingia baada yake.