Je, ni Dhambi Kusikiliza Simu ya Upepo ya Wengine?



Swali hili limeletwa kwa wazee na mama mmoja wa kanisa letu. Kijana wake amenunua redio ndogo ya Kichina, ile ya mkononi ya kuzungumzia, na kila jioni anakaa nayo nyumbani. Haongei, anasikiliza tu: walinzi wakiitana, gari la wagonjwa likiuliza njia, madereva wa malori wakiambiana wamefika wapi. Mama anauliza kama huo si wizi.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Redio zetu za kawaida hukamata FM mpaka namba 108, basi. Juu ya hapo kuna ndege, polisi, zimamoto na mashirika. Huko ng'ambo wanatumia chombo kiitwacho skana, ambacho hurukaruka kutoka wimbi hadi wimbi na kusimama penye sauti ya mtu. Nchini Marekani, ambako ndugu zetu wengi waliokimbia Burundi mwaka 1972 walianza kupelekwa kutoka Tanzania mwaka 2007, watu wengi huwa nayo nyumbani na kusikiliza polisi wa mji wao. Miji mingine imeanza kufunga mawimbi hayo: polisi wa Denver walifunga mwaka 2019, na New York walianza mwaka 2023. Waandishi wa habari wamelalamika, wakisema polisi wasiosikilizwa na mtu watafanya wapendavyo. Nami naona hoja yao ina uzito.

Kwa hiyo neno wizi silikubali. Mwizi huondoa kitu na mwenyewe akakikosa. Sauti isiyofungwa hewani huingia katika kila chombo kilicho karibu, haichagui mlango. Lakini sheria za nchi hazifanani. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inakataza kusikiliza kwa makusudi ujumbe usiokuhusu, hata kama hukumwambia mtu. Tanzania nayo, kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila ruhusa. Mkimbizi aliyekutwa na chombo chenye sauti za polisi hatapewa nafasi ya kueleza maoni yake juu ya hewa. Kijana aulize sheria ya nchi inayotuhifadhi kabla ya kuwasha tena.

Hata hivyo sheria haimalizi swali. Tuseme inaruhusu. Je, mtu aliyesikia neno asiloambiwa ana deni gani?

Mfano mmoja wa karibu unatoka Uganda ya kaskazini. Wakati wa vita vya LRA, makamanda wa Joseph Kony waliongea kwa redio za masafa marefu kwa saa walizopanga. Jeshi la Uganda, idara ya usalama wa ndani na polisi, kila mmoja kwa upande wake, waliweka watu wa kuwasikiliza, kuandika katika madaftari na kurekodi kanda. Mwaka 2004 kambi za watu waliohamishwa na vita zilishambuliwa: Odek tarehe 29 Aprili, Lukodi tarehe 19 Mei, Abok tarehe 8 Juni. Wale walikuwa watu kama sisi, wenye vibanda na foleni za chakula. Baadaye kamanda Dominic Ongwen aliripoti hewani yaliyofanyika, bila kuwazuia waliokuwa wakisikiliza. Madaftari yale yakakaa miaka zaidi ya kumi. Kisha yakawekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na tarehe 4 Februari 2021 Ongwen akapatikana na hatia ya makosa 61. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Nimefikiri sana juu ya wale wasikilizaji. Ripoti waliyoisikia ya Lukodi haikumwokoa mtu wa Lukodi, maana wauaji walikuwa wamekwisha kuondoka. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa ushahidi tu, na ushahidi ule ulifaa kwa sababu waliandika walichosikia na saa waliyosikia. LRA walisema kwa mafumbo. Msikilizaji angejaza mapengo kwa akili yake, daftari lingekuwa takataka. Tena majaji waliweza kulinganisha maandishi ya ofisi moja na ya nyingine. Hata Torati haikubali shahidi mmoja peke yake.

Sisi tuliotoka Ryansoro na milima mingine ya Gitega tunajua kinachotokea pasipo daftari. Oktoba 1993 redio ya Bujumbura ilinyamaza, habari za mapinduzi zikawafikia watu kutoka Kigali. Kwamba Rais Melchior Ndadaye ameuawa, hilo lilikuwa kweli. Lakini neno lilipovuka kutoka mlima hadi mlima kila mdomo ulitia chumvi yake, na kabla ya siku nyingi kupita jirani alikuwa amemuua jirani, kisha askari wakaja nao wakaua. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara kwa ajili ya wakimbizi, na mwaka huohuo Studio Ijambo ikaanza Bujumbura. Waliofanya kazi hiyo walijua kwamba habari iliyohakikishwa ni msaada kama vile unga na mahema.

Sasa rudini kwenye redio ya kijana. Tuseme amesikia dereva akisema malori hayaji Alhamisi. Hajui kama ni tairi, barabara au karatasi za ofisini. Akisema kisimani kwamba chakula kimekatwa, jioni kuna mama ameshauza mbuzi wake kwa bei ya kutupa. Sikio lake halikumdhuru mtu; ni ulimi uliomaliza mbuzi wa mwenzake.

Lakini yapo maneno ambayo kuyanyamazia ni ukatili. Mpwa wa Paulo alisikia shauri la watu zaidi ya arobaini walioapa kumwua mjomba wake (Mdo. 23). Haikuandikwa kwamba alialikwa kusikiliza. Alikwenda kwa Paulo, kisha kwa jemadari, basi. Jemadari akamwagiza asimwambie mtu, na usiku uleule Paulo akaondolewa chini ya ulinzi. Angelitangaza sokoni, wale arobaini wangebadili njia. Kijana akisikia moto umeshika nyumba za mtaa fulani, akimbie kwa mwenye kuweza kuuzima.

Kinachonisumbua zaidi ni sauti za gari la wagonjwa. Pale hutajwa jina, nyumba, na ugonjwa ambao mtu hajamwambia hata dada yake. Hapo nasema azime, au apeleke wimbi mbele. Akishasikia, amebeba siri ya mtu bila kuombwa, na hawezi kuirudisha. Na kama amesikia kwamba mke wa jirani amepelekwa kujifungua na hali ni mbaya, naye mume yuko shambani hajui? Wazee hatukukubaliana. Mimi nilisema amfuate mume shambani, peke yake, amwambie tu aende zahanati upesi, na asitaje alichosikia juu ya damu.